Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha mipango ya visima: gesi yenye naitrojeni na gharama ya kuirudisha ardhini

Kwa Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), Tanzania. Mamlaka ya Petroli ya Uganda. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), Kenya. Na wizara zinazosimamia mafuta na gesi katika nchi hizo.

Waheshimiwa,

Tunaomba ukurasa mmoja uongezwe katika kila mpango wa kuendeleza uwanja wa mafuta kabla hamjautia saini. Ukurasa huo uonyeshe gesi itakayotoka na mafuta itakuwa na naitrojeni asilimia ngapi mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi na tano. Itapita kwenye bomba lipi. Itarudishwa ardhini kwa kompresa zipi, yaani mashine za kubana gesi. Na bili italipwa na nani. Pasipo ukurasa huo, ombi la kuingiza naitrojeni kwenye mwamba, au la kurudisha gesi iliyochanganyika na naitrojeni, lisipite.

Tunajua kwamba leo mipango ya Ziwa Albert inategemea maji kushikilia presha, na kwamba gesi ya Songo Songo ni karibu methani tupu. Lakini viwanja vya mafuta huzeeka. Presha ikishuka, pendekezo la kuingiza naitrojeni ili kuipandisha huja mezani, nalo huja likiwa na sura nzuri: malighafi ni hewa tunayoivuta, gesi yake ikiwa kavu haili chuma, na methani ambayo ingeingizwa ardhini inabaki kuuzwa. Hayo yote ni kweli. Kinachokosekana kwenye pendekezo ni kwamba naitrojeni iliyoshushwa kisimani itapanda tena, na ikipanda itakuwa imeshikana na gesi yenu.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni Ghuba ya Campeche, Meksiko. Uwanja wa Cantarell ulipewa jina la mvuvi, Rudesindo Cantarell, aliyetoa taarifa ya mafuta yaliyokuwa yakielea baharini. Uligunduliwa 1976, ukaanza kuzalisha 1979. Presha yake ilipopungua, Pemex, kampuni ya mafuta ya serikali ya Meksiko, ikaamua kuijaza naitrojeni sehemu ya juu ya mwamba, pale gesi inapokaa juu ya mafuta. Mwaka 2000 kiwanda cha Atasta, pwani ya jimbo la Campeche, kikaanza kuitenga naitrojeni kutoka hewani kwa mitambo 4 yenye uwezo wa futi za ujazo milioni 1,200 kwa siku, takriban mita za ujazo milioni 34. Uzalishaji ukapanda, na 2004 ukavuka mapipa milioni 2 kwa siku.

Kisha ukaporomoka, hadi 2009 ukawa chini ya mapipa 700,000. Mwamba wa Cantarell ni wa chokaa na umejaa nyufa, na gesi hupita kwenye nyufa kwa wepesi kuliko mafuta. Kadiri gesi ya juu ilivyotanuka kwenda chini, ndivyo tabaka la mafuta lilivyokonda, na visima vilivyokuwa karibu na mpaka wa gesi na mafuta vikaanza kuvuta gesi. Gesi hiyo ilikuwa na naitrojeni nyingi mno, haikuweza kuuzwa. Kompresa za kuirudisha hazikutosha na mtambo wa kuitenga haukuwa tayari kwa kiasi kile. Ikachomwa. Mwaka 2008 na 2009 miale ya Campeche ilikuwa gumzo, na Desemba 2009 mdhibiti wa wakati huo, Comisión Nacional de Hidrocarburos, akatoa kanuni za kuzuia uchomaji. Dawa zilizotumika baadaye zilikuwa tatu: kutenga naitrojeni kwenye kiwanda cha Ciudad Pemex, Tabasco, kuirudisha gesi chafu ardhini, na kufunga visima vilivyokuwa vikitoa gesi kupita kiasi. Dawa zote tatu zinajulikana na mhandisi yeyote wa visima. Zingeweza kuandikwa kwenye mpango kabla ya naitrojeni ya kwanza kushuka.

Sisi hatupingi kurudisha gesi ardhini. Kati ya kuichoma na kuirudisha, tunataka irudishwe. Tunachokataa ni kuirudisha bila vipimo, kwa mitambo iliyonunuliwa kwa ajili ya gesi ya aina nyingine, na kwa hesabu inayoishia pale mkandarasi anapofungua vali.

Tuanze na mabomba ya kukusanyia gesi, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea. Chukueni visima 10, kila kimoja kikitoa mita za ujazo 100,000 za gesi kwa siku. Visima 8 vina naitrojeni asilimia 2, na 2 vina asilimia 45. Vyote vikiingia kwenye bomba moja, mchanganyiko unakuwa na asilimia 10.6. Mabomba mengi ya gesi ya kuuza hayapokei zaidi ya asilimia 3 au 4. Kwa hiyo visima 2 vimeharibu gesi ya visima 8, na mita za ujazo milioni 1 zote hazina mnunuzi. Sasa wekeni bomba la pili na vali za kuchagua kwenye kituo cha kukusanyia: mita 800,000 zinaenda sokoni, 200,000 zinaenda kwenye kompresa za kurudisha. Kompresa mnayohitaji inakuwa moja ya tano ya ile ambayo mngeihitaji. Bomba hilo la pili ni rahisi kulilaza wakati mitaro iko wazi na mashine za kuchomelea ziko uwanjani. Kulilaza miaka 8 baadaye, katikati ya mabomba yenye presha, ni kazi nyingine kabisa na ni ya hatari. Kwa hiyo tunaomba mabomba mawili yawe sharti tangu siku ya kwanza, hata kama la pili litakaa na naitrojeni kavu ndani yake kwa miaka mitano likisubiri.

Gesi chafu ina tabia zake. Naitrojeni haiungui, kwa hiyo kila asilimia yake ni joto lililopotea. Methani safi hutoa takriban megajuli 37.7 kwa mita ya ujazo. Ikichanganywa na asilimia 40 ya naitrojeni inabaki 22.6. Kwa kichomeo hali ni mbaya kuliko hapo, maana naitrojeni pia ni nzito na inapita polepole kwenye tundu lilelile. Kipimo kinachojumlisha joto na uzito, kiitwacho kipimo cha Wobbe, kinashuka kutoka 50.6 hadi 26.7. Joto limepungua kwa asilimia 40, lakini moto unaofika kwenye kichomeo umepungua kwa asilimia 47. Tabo ya gesi, yaani injini inayozungushwa na gesi inayoungua, iliyopangwa kwa methani itayumba au kuzimika. Na mara nyingi tabo hiyo ndiyo inayoendesha kompresa ya kurudishia gesi. Gesi ikichafuka mtambo unazima, mtambo ukizima gesi yote inakwenda kwenye mwenge, ule mnara wa kuchomea gesi. Dawa yake ni chanzo tofauti cha gesi safi ya kuendeshea mitambo, chenye kipimo cha joto kinachosomwa muda wote, au mota za umeme. Atakayeandika kwamba kompresa zitatumia gesi ileile inayorudishwa, muulizeni aonyeshe barua ya mtengenezaji wa tabo inayotaja kiwango cha chini cha Wobbe.

Kompresa nayo inaihisi naitrojeni. Mfano tunaopenda kuutumia ni huu: gesi inaingia kwa bar 5 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida) na nyuzi joto 40, inatakiwa kutoka kwa bar 120, kwa hatua tatu zenye vipozeo katikati. Kila hatua inazidisha presha karibu mara 2.9. Kwa methani, joto la kutoka kila hatua, kwa hesabu ya bila hasara, ni nyuzi 127. Kwa naitrojeni tupu, kompresa ileile, presha zilezile, linafika nyuzi 150. Kiwango cha API 618 kwa kompresa za pistoni kinaweka kikomo cha nyuzi 150. Yaani mtambo ulionunuliwa ukiwa na nafasi ya kutosha kwa methani unafika ukutani kwa naitrojeni, na hiyo ni kabla vipozeo havijaziba uchafu. Kinachofuata fundi anakiona kwa macho: mafuta ya kulainishia yanakuwa meusi, vali za kompresa zinashika masizi, zinaanza kuvuja, gesi iliyokwisha kubanwa inarudi nyuma na kubanwa tena, na joto linapanda zaidi. Fundi akibadilisha vali tu bila kuuliza gesi ina asilimia ngapi za naitrojeni, atazibadilisha tena mwezi ujao.

Kompresa za kuzunguka zina tatizo lake. Uzito wa gesi ukipanda, mzunguko uleule unatoa presha kubwa zaidi na kula nguvu zaidi, hata mota ikalemewa. Mstari wa hatari, ule ambao ukivukwa gesi hurudi nyuma kwa kishindo na kutikisa shafti, nao unahama. Kidhibiti kilichopangwa siku ya uzinduzi kwa gesi yenye uzito wa molekuli wa 20 hakiko sahihi kwa gesi yenye uzito wa 25. Masharti yenu yadai kipimo kipya cha kidhibiti hicho kila naitrojeni inapobadilika kwa asilimia 5, na karatasi za utendaji za mtengenezaji kwa hali tatu angalau: naitrojeni ya chini, ya kati na ya juu kabisa inayotarajiwa.

Kuhusu vipimo, hapa serikali inaweza kupoteza mapato bila mtu yeyote kuiba. Mita nyingi za gesi hutumia bamba lenye tundu: tofauti ya presha kabla na baada ya bamba ndiyo inayogeuzwa kuwa ujazo. Hesabu hiyo inahitaji uzito wa gesi ukilinganishwa na hewa. Kama kompyuta ya mita imeachwa na 0.65 wakati gesi sasa ni 0.80, itasoma asilimia 11 zaidi ya ujazo halisi. Ripoti itaonyesha gesi nyingi imerudishwa ardhini kuliko iliyorudishwa kweli, na hesabu ya presha ya mwamba iliyojengwa juu ya ripoti hiyo itakuwa imepinda kuanzia msingi.

Maabara nako kuna mtego. Mashine nyingi za kuchambua gesi uwanjani hazitenganishi oksijeni na naitrojeni. Zinatoa namba moja. Chupa ya sampuli ikiwa haikusafishwa vizuri, hewa iliyobaki ndani inahesabiwa kuwa naitrojeni ya kisima, na kisima kizuri kinaweza kufungwa kwa kosa la chupa. Daini mashine yenye safu ya kutenganisha hizo mbili. Hewa ina naitrojeni takriban mara 3.7 ya oksijeni. Basi oksijeni ikionekana asilimia 1, naitrojeni ya asilimia 3.7 ni ya hewa na si ya kisima, isipokuwa mtambo wenyewe unavuta hewa. Hilo la mwisho lisipuuzwe kamwe, kwa sababu kompresa yenye presha ya kuingilia chini ya ile ya hewa ya nje huvuta hewa kupitia sili iliyochakaa.

Oksijeni hiyo ndogo ndiyo adui wa chuma. Naitrojeni inayotengwa kwa ubaridi mkali, kama ya Atasta, huwa na oksijeni ya sehemu chache kwa milioni. Inayotengwa kwa utando au kwa chembe za kunyonya, ambayo ni rahisi na hupendwa kwa viwanja vidogo, inaweza kubaki na oksijeni ya asilimia 1 hadi 5. Iingizeni hiyo kwenye kisima chenye unyevu, bomba la ndani litaota mashimo. Kisima kikiwa na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, oksijeni inaigeuza kuwa salfa ya unga ambayo inaziba vali na kula chuma chini yake. Mwombaji akisema "naitrojeni safi", mwulizeni oksijeni sehemu ngapi kwa milioni, inapimwa wapi, na ni kwa namba gani mtambo unajifunga wenyewe bila kusubiri mtu.

Kuna kosa jingine la kuhesabu ambalo hujificha ndani ya neno "imechanganyika". Haidrojeni salfaidi ikiyeyushwa ndani ya naitrojeni hadi sehemu 15 tu kwa milioni, inaonekana haina neno. Lakini kwa chuma kinachohesabiwa ni presha yake yenyewe, si asilimia. Kwenye bar 200, sehemu 15 kwa milioni ni bar 0.003, yaani kilopaskali 0.3, na hapo ndipo kiwango cha ISO 15156 kinapoanza kudai chuma maalumu kisichopasuka. Bomba la kuingizia likinunuliwa kwa kuangalia asilimia peke yake, litapasuka kwenye maungio, ghafla, bila kukonda kwanza.

Unyevu nao uondolewe kabla ya hatua ya mwisho ya kubana. Kiwango kinachotumika sana ni takriban miligramu 112 za maji kwa mita ya ujazo ya gesi. Gesi ikiwa na maji, bar 100 na nyuzi joto 13 zinatosha methani kuganda na maji kama barafu na kuziba bomba. Naitrojeni inalipunguza tatizo hilo bila kuliondoa. Usiku wa nyanda za juu joto hilo si la ajabu.

Kisimani kwenyewe tunaomba mambo machache yasiyojadiliwa. Maungio ya bomba la ndani yawe ya aina isiyopitisha gesi; maungio ya kawaida ya mafuta huvuja gesi polepole. Saruji nyuma ya bomba la nje ipimwe na ripoti yake iletwe kwenu, hasa mbele ya mwamba unaofunika hifadhi. Kila uwazi kati ya mabomba uwe na saa ya presha na kikomo kilichoandikwa kwenye kibao pale kisimani, fundi wa zamu akione. Vali ya usalama ya chini ijaribiwe kila miezi 6, na kichwani pawepo vali ya kuzuia gesi isirudi nyuma kompresa ikizima. Presha ya chini isivuke asilimia 90 ya ile inayopasua mwamba, na namba hiyo itokane na jaribio la kuongeza presha hatua kwa hatua. Isinakiliwe kutoka kisima cha jirani.

Hilo la mwisho lina undani ambao hutokea kusahaulika. Kwenye kisima cha mita 2,000, chenye bar 200 kichwani, uzito wa gesi iliyosimama ndani ya bomba unaongeza bar 26 hivi ikiwa ni methani, lakini bar 38 hivi ikiwa ni naitrojeni. Saa ya juu inasoma namba ileile ya jana, kumbe chini presha imeongezeka kwa bar 12. Kikomo cha kichwani lazima kihesabiwe upya kila gesi inapobadilika. La sivyo mnaweza kuupasua mwamba unaofunika huku kila saa ikionyesha usalama.

Sasa watu. Naitrojeni haina rangi, harufu wala ladha, na mwili hauna namna ya kuitambua. Kinachoua ni kukosekana kwa oksijeni: hewa ya kawaida ina asilimia 20.9; kengele ilie ikishuka hadi 19.5, chini ya 10 mtu huanguka kabla hajaelewa nini kimempata. Bodi ya uchunguzi wa ajali za kemikali ya Marekani ilihesabu matukio 85 ya kukosa hewa kwa naitrojeni kati ya 1992 na 2002, na watu 80 waliofariki. Miongoni mwa wanaokufa katika ajali za namna hii huwamo walioingia kumwokoa mwenzao bila mtungi wa hewa.

Vitambua gesi vya kawaida vinaweza kudanganya hapa. Vile vinavyounguza gesi juu ya kishanga chenye joto vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi. Kwenye wingu la naitrojeni na methani husoma chini kuliko ukweli, mpaka sifuri. Vile vya mwanga wa infraredi huiona methani lakini haviioni naitrojeni. Kwa hiyo kwenye banda la kompresa, kwenye mashimo ya vali na popote mtu anapoweza kuinamia, pawe na vitu viwili kwa pamoja: kitambua methani cha infraredi na kipima oksijeni. Fundi anayeingia avae kipima oksijeni chake kifuani. Mitungi ya hewa ya waokoaji iwe mita chache kutoka mlangoni, si stoo yenye kufuli. Na wanakijiji walio karibu na bomba waambiwe kwa lugha yao kwamba uvujaji huu hauna harufu. Kuku au mbuzi wakionekana wameanguka kwenye bonde asiende mtu kuwaokota.

Hata mwenge una kikomo chake. Kanuni za Marekani zinadai gesi ya mwenge usiosaidiwa na mvuke au hewa iwe na joto la angalau megajuli 7.45 kwa mita ya ujazo, na unaosaidiwa 11.2. Hiyo ni sawa na methani ya asilimia 22 na 34 hivi. Chini ya hapo moto huyumba na methani hupanda angani bila kuungua. Gesi yenye nusu naitrojeni ikichomwa mita milioni 1 kwa siku, kwa ufanisi wa asilimia 98, inaachia tani 7 hivi za methani. Ufanisi ukishuka hadi 90, ni tani 34. Mwale unaweza kuonekana unawaka vizuri kutoka barabarani huku hayo yakitokea. Kipimo cha joto la gesi ya mwenge kiwe sharti, na gesi safi ya kuchangamsha iongezwe yenyewe joto likishuka.

Tuje kwenye bili. Kubana mita za ujazo milioni 1 kwa siku kutoka bar 5 hadi 120 kunahitaji nguvu ya takriban megawati 6 kwenye shafti. Tabo yenye ufanisi wa theluthi moja itakula methani mita 44,500 hivi kwa siku. Kama gesi ni nusu naitrojeni, na ikiwa tabo inaikubali, hiyo ni karibu asilimia 9 ya gesi yote inayorudishwa, kila siku, kwa miaka yote ya uwanja. Juu yake wekeni kompresa ya akiba. Tunapendekeza kompresa 3, kila moja ikibeba nusu ya kazi, ili moja ikifunguliwa kwa matengenezo nyingine mbili zibebe gesi yote. Mwombaji atakayeleta kompresa 2 tu za nusu nusu amekwisha kukubali kuchoma nusu ya gesi kila anapofanya matengenezo, hata kama hakuliandika. Zisikae zote sehemu moja pia. Tarehe 7 Julai 2023 moto uliunguza jukwaa la Nohoch-A huko Cantarell, wafanyakazi 2 wakafariki na mwingine akapotea, na visima vingi vya eneo hilo vikasimama kwa muda kwa sababu gesi yao ilipitia hapo.

Kuna na deni la mwisho wa uwanja. Gesi inayorudishwa inaongeza naitrojeni kule juu ya mafuta, nayo inatoka tena ikiwa chafu zaidi, mzunguko baada ya mzunguko. Siku mafuta yakiisha, methani yote iliyobaki mle ni mali ya wananchi, lakini haiuziki bila mtambo wa kutenganisha. Kwa gesi nyingi mtambo huo ni wa ubaridi mkali: methani huwa kimiminika kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, naitrojeni kwenye 196 chini ya sifuri, na zinatenganishwa katikati. Kabla ya kuingia humo gesi lazima iondolewe hewa ukaa hadi sehemu 50 kwa milioni au karibu na hapo, maji karibu yote, na zebaki, maana zebaki hula alumini ya vipozeo. Kwa gesi kidogo kuna utando na chembe za kunyonya, zenye bei nafuu lakini zinazopoteza methani zaidi. Mwombaji aseme tangu mwanzo atajenga upi, mwaka gani, au aseme wazi kwamba gesi hiyo itaachwa ardhini, ili isihesabiwe kwenye akiba ya taifa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya mikataba yetu ya kugawana uzalishaji. Gharama za mkandarasi hurejeshwa kwa mafuta ya gharama, yaani fungu la mafuta linalotengwa kumlipa alichotumia, kabla ya faida kugawanywa. Kompresa iliyonunuliwa mara mbili, kwanza ya methani halafu ya naitrojeni, inakatwa kwenye mafuta yaleyale ambayo serikali ingepata fungu lake. Kwa hiyo tunaomba kifungu: gharama ya kubadilisha mitambo kwa sababu ya naitrojeni ambayo mpango ulipaswa kuitarajia isirejeshwe kwa mafuta ya gharama. Kifungu hicho kimoja kitawafanya wahandisi wa mwombaji wahesabu vizuri kuliko ukaguzi wowote wa baadaye.

Sheria za petroli za Uganda ya 2013, Tanzania ya 2015 na Kenya ya 2019 zimekwisha kuwapa uwezo wa kuweka masharti kwenye mpango wa uendelezaji, kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba pia kanuni moja ya uendeshaji iandikwe kwenye kila kibali: kompresa ya kurudishia gesi ikizima kwa zaidi ya saa 24, visima vyenye gesi nyingi kwa kila pipa vifungwe kwanza, kwa mpangilio uliokwisha kukubaliwa na kubandikwa kwenye chumba cha udhibiti, ili msimamizi wa zamu saa nane za usiku asilazimike kupiga simu kuuliza kipi kianze.

Tuko tayari kuzipitia hesabu hizi pamoja na wataalamu wenu, namba kwa namba, kwa uwanja wowote mtakaoutaja.

Wenu katika kazi,

Wahandisi na mafundi wa visima, kompresa na maabara za gesi